Mlango wa Pili

Katika chumba cha mitambo cha shirika la maji kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani. Jina lilikuja na umri. Wenzake walikuwa vijana waliotoka vyuoni moja kwa moja, naye alijifunza kompyuta ukubwani, kwa masomo ya jioni, akiwa tayari mjane na mama wa watoto wawili. Aliyemsukuma arudi darasani ni kaka yake. "Wewe nenda kasome," alimwambia enzi hizo, "watoto nitawapikia mimi." Na kweli aliwapikia, mwaka nenda mwaka rudi, chakula kibaya kisichosahaulika, ambacho watoto hao mpaka leo wakikikumbuka hushika mbavu kwa kicheko.

Sasa kaka huyo alikuwa anapofuka.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari hakumung'unya maneno: lililokwenda limekwenda, lililobaki linaweza kuokolewa kwa upasuaji, ila asichelewe. Alipangiwa siku, hakwenda. Akapangiwa nyingine, nayo hakwenda. Safari hii walimpa Alhamisi, na muuguzi akapiga simu mwenyewe kusema kwamba akikosa tena jina lake litarudishwa mwisho wa foleni. Foleni yenyewe ilikuwa ndefu kuliko maisha ya macho yake.

Si kwamba Kaka alidharau hospitali. Hakuwa na wa kumwachia kazi. Alikuwa mwangalizi wa Kituo cha Juu, nyumba ya pampu iliyokaa peke yake mlimani, safari ya kutwa nzima kutoka makao makuu. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alistaafu, nafasi yake ikafutwa, na Kaka akabaki na chumba chake cha pembeni, kitanda, redio na ngurumo za pampu. Pampu zenyewe ziliendeshwa na programu iliyokuwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya kituo, kwenye kabati la chuma. Programu iliwasha pampu tangi likishuka, ikazizima likijaa, na ikadondosha dawa ya kuua vijidudu kwenye maji kabla hayajateremka kwa watu wa bondeni. Kazi ya Kaka ilikuwa kuitazama programu hiyo, kujaza pipa la dawa, na kupiga simu makao makuu asubuhi, mchana na jioni ili kusoma vipimo.

Sheria ya shirika haikuwa na kona: kituo hakiachwi bila mtu, isipokuwa makao makuu yanaiona programu yake kwenye kioo chao wenyewe, saa zote. Vituo vingine vilikuwa vimeanza kuonekana. Cha Juu bado. Ndipo Shangazi alipokwenda kwa Mkuu wa kitengo, akaomba kazi hiyo apewe yeye. Hakuficha sababu. Programu ikionekana kabla ya Alhamisi, Kaka atapanda gari aende akatibiwe. Isipoonekana, atabaki mlimani na giza lake.

"Chukua," alisema Mkuu. Hakuwa mtu mbaya. "Ila shangazi yangu, mimi nasaini kitu ninachokiona. Maombi sisaini."

"Maombi yana mwenyewe wa kuyasaini," alijibu Shangazi.

Basi akaenda mlimani kwa gari la shirika, akaweka kila kitu, akajaribu kwa kompyuta yake ndogo palepale kituoni, na programu ikafunguka; akaifunga hapohapo bila kungoja ijichore yote. Akamshukuru Mungu mbele ya kabati la chuma, Kaka akaitikia amina. Aliporudi makao makuu na kujaribu kutoka mezani kwake, kioo kiliandika maneno mawili mekundu: Muunganisho umekataliwa.

Na tangu hapo maneno yakawa ndiyo hayohayo.

Chanzo alikijua, na ndicho kilichomwumiza. Uangalizi wa mbali wa programu ile ulipitia milango miwili, ambayo mafundi huiita poti. Mlango wa kwanza namba yake ilikuwa moja siku zote. Ukibisha hapo, programu inaitika karibu, kisha inasema: mazungumzo yenyewe tutayafanyia mlango wa pili, namba fulani. Na hiyo namba ya pili programu ilijichagulia upya kila ilipowashwa, kama mtu anayeficha ufunguo chini ya jiwe tofauti kila asubuhi. Kati ya makao makuu na mlima kulikuwa na ukuta wa usalama wa mtandao, na ukuta haukuruhusu mlango wowote usioombewa kibali. Wa kwanza ulikuwa wazi. Wa pili ulibidi uombwe, na ukiombwa namba isiyo yake, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ukuta huo ulikuwa chini ya kijana mmoja mrefu, mcheshi, waliyempachika jina la Bawabu.

"Shikamoo Shangazi," alisema Jumatatu asubuhi, bila kuinua macho. "Usiniambie. Mlango mwingine."

"Marahaba. Mlango mwingine, mwanangu."

"Wa Ijumaa nilifungua. Wa Jumamosi nilifungua. Ukuta wangu sasa si ukuta tena, ni chandarua."

"Chandarua kinazuia mbu."

"Hiki chako kinawakaribisha chai." Akainua kichwa, akaona uso wake, akaacha mzaha. "Hivi kwa nini usiiambie programu itumie mlango mmoja tu, daima? Si mstari mmoja kwenye faili la kuwashia?"

"Ni mstari mmoja. Lakini faili liko kulekule, kwenye kibodi ya kulekule, na gari la kunirudisha kule sipewi mpaka wiki ijayo. Nilimwomba Kaka auandike. Anasema ataharibu."

"Anaogopa kuandika mstari mmoja?"

"Anaogopa," alisema Shangazi. Wakati huo aliamini hivyo.

Alirudi mezani, akapiga simu mlimani. Nyuma ya sauti ya Kaka pampu zilikuwa zinanguruma.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba, Kitinda." Alimwita hivyo tangu utotoni, maana yeye ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. "Umeniona leo?"

"Sijakuona. Bado inakataa."

"Ngoja basi nikusaidie," alisema Kaka kwa furaha, na Shangazi akasikia kitu kikilia tiki, kisha kimya, kisha mlio wa seva inayoamka.

"Kaka. Umefanya nini?"

"Nimezima nikawasha. Si ndiyo dawa yenu nyinyi watu wa kompyuta?"

"Umeanza lini kufanya hivyo?"

"Tangu uliponiambia huioni! Kila ukisema siioni, mimi naizima, naiwasha. Nisikae mikono mifukoni na wewe unahangaika peke yako."

Shangazi aliweka paji la uso juu ya meza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, Bawabu akageuka akidhani analia, kumbe anacheka. Siku zote zile alikuwa anauombea mlango kibali, anakimbizana na saini, ukuta unafunguliwa alasiri, na kumbe ndugu yake kwa wema wake ameshauhamisha mlango mahali pengine.

"Kaka," alisema alipopata pumzi, "wewe ni mwizi wa milango. Kila ukizima, namba inabadilika. Nimekuwa nakwenda kwenye nyumba uliyohama jana."

"Lo!" Kaka naye akacheka, kicheko chake cha zamani kinachoishia na kikohozi. "Kumbe nilikuwa nakuwangia! Basi sishiki tena. Mkono wangu nitaukalia."

"Ukalie mpaka Alhamisi. Sasa nisomee. Imeandika namba ya mlango wa pili kwenye kioo cheusi, mstari wa mwisho. Polepole."

Shangazi alimsikia Kaka akivuta kiti, karibu sana na simu.

"Nne. Moja. Tatu, tatu, tatu."

"Tatu zote tatu?"

"Zote tatu. Kama mafiga."

Aliandika, akasoma tena, Kaka akasema ndiyo. Alipokata simu alihisi mwili mwepesi, kama mtu aliyekuta kumbe mzigo ulikuwa na kamba ya kubebea. Akafumba macho palepale kwenye kiti. Ee Mungu, wewe huwi na haraka wala huchelewi. Asante.

Kibali kilikwenda mwendo wa kibali. Mkuu alikuwa kikaoni, kisha kwenye kikao kilichotokana na kikao. Saini ilipatikana Jumanne, ukuta ukafunguliwa alasiri, na Bawabu akasogeza kiti chake karibu na cha Shangazi, kwa sababu na yeye sasa alitaka kuona. Shangazi akabonyeza.

Muunganisho umekataliwa.

Akabonyeza tena, akasubiri, akabonyeza mara ya tatu. Yaleyale.

"Ameigusa," alisema Bawabu.

"Hajaigusa. Kaka akisema amekalia mkono, amekalia."

"Basi namba si yenyewe."

"Tuliisoma mara mbili."

Bawabu akajikuna kidevu. "Ngoja. Ukuta huwa unaandika kila uliyemfukuza. Hatuangaliagi. Nani huangalia waliofukuzwa?" Akarudi kwenye kompyuta yake, akapekua, na baada ya muda akapiga mluzi mdogo. "Shangazi, njoo. Hii ni mashine yako inabisha kule mlimani, dakika hii hii. Inabisha mlango wa nne, moja, nane, tatu, nane. Wewe umeniombea nne, moja, tatu, tatu, tatu."

"Nane?"

"Nane mbili. Zimegeuka tatu njiani."

Bawabu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Shangazi alikuwa ameikazia macho ile namba. Alichukua simu yake, akatoka nje kwenye ngazi za dharura, mahali wavutaji sigara walipoacha kopo la vipisi.

"Kaka, shikamoo. Nisomee tena ile namba."

"Tulishaisoma, Kitinda."

"Nisomee tena, tafadhali."

Kiti kikavutwa. Pumzi zikasikika kwenye simu. "Nne. Moja. Sita..." Akasita. "Sita, tatu, sita."

Chini uani dereva alikuwa anaosha gari, na maji yalitiririka mpaka kwenye mfereji.

"Umeizima ukaiwasha?" aliuliza Shangazi, akiomba kwa moyo wote aambiwe ndiyo.

"Sijaigusa."

"Kaka."

"Kitinda," alisema Kaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaa chini, "namba zote siku hizi zina sura moja. Naona kuna kitu pale. Ni kitu gani, sijui. Lile jicho la kushoto lilishaondoka. Hili la kulia nalo linachungulia kama kwenye bomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani, vumbi lilikuwa limeshatanda kila mahali.

"Na vipimo? Kila siku unapiga simu unasoma vipimo."

"Tangi halibadiliki sana. Nasema ya jana. Siku nyingine naongeza kidogo, siku nyingine napunguza, isiwe ileile." Akakohoa. "Ningewaambia nini? Kwamba mwangalizi haoni? Wangenifukuza siku hiyohiyo, na kadi ya matibabu ni ya shirika. Nikitoka kazini, na upasuaji umetoka. Nilisema nivumilie mpaka hospitali. Nikitoka huko naona kidogo, nani atajua?"

"Na dawa, Kaka? Dawa ya maji?"

"Hiyo usihofu, hiyo naifanya kwa mkono. Naligonga pipa, nasikia lilipofika. Na Mungu amelibariki pipa lile, maana siku hizi dawa haiishi upesi. Nagonga, limejaa. Nagonga tena, bado limejaa."

Shangazi alisikia maneno hayo, yakapita. Baadaye angejiuliza yalipitaje. Lakini mtu anayekimbilia maji nyumba ikiungua haangalii alichokanyaga. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: namba ya kweli sasa anayo, ukuta wenyewe umemwambia, na kesho ni Jumatano.

"Usiguse chochote," alisema. "Funga begi lako."

"Nilishafunga tangu Jumapili."

Usiku wake hauna la kusimulia. Alipiga magoti, akamweleza Mungu kila kitu isipokuwa kwamba hatamwambia Mkuu, ingawa alijua hilo ndilo lililosikika zaidi. Aliomba siku mbili. Hakuomba miujiza, hakuomba macho mapya. Siku mbili tu za kutosemwa.

Jumatano Bawabu alimsubiri Mkuu mlangoni na kibali mkononi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Mkuu akasaini akiwa amesimama, na badala ya kuingia ofisini kwake akaja nao hadi chumba cha mitambo, kikombe cha chai mkononi.

"Leo nataka kuona kwa macho yangu," alisema. "Huyu mzee wetu wa mlimani akatibiwe. Nimeshamwambia dereva ajiandae."

"Mungu akubariki," alisema Shangazi, na alimaanisha.

Bawabu akafungua mlango. Shangazi akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, kikakaa cheupe kwa muda ambao mtu anaweza kusali sala fupi, kisha Kituo cha Juu kikatokea chote: tangi limechorwa kwa buluu, pampu mbili zikizunguka, mistari ikijichora kushoto kwenda kulia. Bawabu akapiga kofi hewani. Mkuu akasema, "Haya sasa!" Shangazi alifunika mdomo kwa mikono miwili.

Programu ile ilikuwa na kumbukumbu. Hilo alilijua, alilisoma mwenyewe katika masomo ya jioni: ukiunganisha uangalizi, haikuonyeshi dakika uliyofika tu, inakukabidhi na yaliyopita. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza. Mistari iliendelea kujichora kurudi nyuma, wiki juu ya wiki, na Mkuu, ambaye alianza kazi kama fundi wa mabomba kabla ya kupewa ofisi, akainama.

"Huu ni nini?"

Alionyesha mstari wa chini kabisa. Mingine ilipanda na kushuka kama pumzi za mtu aliyelala. Huu ulikuwa umenyooka, kwenye sifuri, na pembeni yake onyo jekundu likiwaka na kuzimika.

"Dawa," alisema Bawabu polepole.

"Najua ni dawa. Kwa nini ni sifuri?"

"Labda kipimo kimekufa..."

"Soma onyo."

Bawabu akasoma. Mrija wa dawa umeziba. Onyo lilikuwa limewaka tangu katikati ya msimu wa mvua, mbele ya kiti cha mwangalizi, kubwa kama kiganja; siku aliyosimama kwenye kabati la chuma Shangazi alikuwa amelipa mgongo. Na pipa lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa wakati wote huo, kwa sababu hakuna tone lililotoka.

Mkuu aliweka kikombe chini. Alikwenda kwenye simu ya mezani, akaomba vipimo vilivyopokelewa kutoka mlimani, akasikiliza vikisomwa, kimoja kimoja, macho yake yakifuata mistari ya kioo. Hakuna kilicholingana na kioo. Aliporudi hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Kule bondeni watoto wanaharisha," alisema. "Miezi hii yote. Tumekuwa tunalaumu mabomba ya zamani. Nimesaini mwenyewe barua ya kulaumu mabomba." Akamtazama Shangazi. "Haoni, sivyo?"

Angeweza kusema sijui. Midomo ilishajiandaa. "Haoni," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu jana."

"Tangu jana." Mkuu alirudia kana kwamba analipima neno uzito. "Na leo ukanikaribisha kwa baraka."

Bawabu alikuwa ameangalia sakafu. Kioo kiliendelea kuchora.

"Mpigie," alisema Mkuu. "Azime pampu zote sasa hivi. Nitatuma mafundi. Gari litakalowapeleka litamrudisha yeye hapa, na barua yake ataikuta mezani kwangu. Kazi imekwisha kwake. Na kadi."

"Mkuu, upasuaji ni kesho. Gari likipita tu hospitalini, wakati wa kurudi, iko njiani. Kadi ifungwe keshokutwa. Nifukuze mimi. Nakuomba kwa jina la Mungu, nifukuze mimi badala yake."

"Una watoto bondeni, wewe?"

"Sina."

"Mimi ninaye mjukuu." Alisema bila ukali. "Mpigie."

Alipiga. Mkuu akamwashiria aweke sauti isikike na wote, akafanya hivyo.

"Kitinda!" Kaka aliitikia kabla hata hajasalimiwa. "Umeniona leo?"

"Nimekuona, Kaka."

"Mungu ashukuriwe! Si nilikwambia? Mkono nimeukalia mpaka umekufa ganzi."

"Kaka, zima pampu. Zote mbili."

"Kwa nini? Mnajaribu?"

Mkuu akamwashiria kwa kichwa aseme. Shangazi aligeuza uso. "Zima tu, Kaka. Kitufe kikubwa."

"Hicho hata nikiwa usingizini." Zikasikika hatua zake, mkono ukipapasa ukuta, kisha ngurumo iliyokuwa nyuma ya kila simu waliyowahi kuzungumza ikafifia, ikafifia, ikakoma. Kwenye kioo mstari wa nguvu ya maji ukaanza kuteremka. Kimya kiliingia kwenye simu, kipana, cha nyumba tupu.

"Nimezima," alisema Kaka, na katika kimya hicho sauti yake ilikuwa karibu mno. "Unaona ikishuka?"

"Naona inashuka."

"Kwa hiyo inafanya kazi kweli. Unaona huko kila kitu." Alicheka taratibu, akakohoa. "Basi mimi naweza kwenda. Gari limeshatoka?"

"Linatoka."

"Mwambie dereva asije na haraka, barabara ya juu ina mashimo. Nitamsubiri pale nje na begi."

"Kaka." Aliishika simu kwa mikono miwili. "Haliendi hospitali. Linakuleta hapa. Mrija wa dawa uliziba. Tangu mvua. Watu wamekunywa maji mabichi."

Walimsikia Kaka akivuta kiti, akikikosa, akikivuta tena.

"Pipa lilikuwa limejaa," alisema.

"Ndiyo, Kaka."

"Nilikuwa naligonga."

"Najua."

"Kuna aliyekufa?"

Shangazi alimwangalia Mkuu. Mkuu aligeukia dirishani.

"Hatujui bado," alisema.

Alimsikia Kaka akipumua, na mara moja alianza kusema kitu akakiacha. Hakumwuliza habari ya Alhamisi. Angeuliza, Shangazi angekuwa na kitu cha kukatalia au kuahidi. Hakuuliza kabisa, wala siku ile wala baadaye.

"Haya," alisema mwishoni. "Acha nikae hapa basi, wakija wanikute."

Simu ikakatika. Mkuu akaondoka, kisha Bawabu naye akaondoka, akimgusa bega kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa kitu cha moto. Shangazi alibaki kwenye kiti. Alijaribu kusali. Alijaribu ile ya asubuhi, ile ya wagonjwa, ile aliyofundishwa na mama yake, na kila moja ilipofika kwenye neno la kuomba alikuta hajui aombe nini, na kwa ajili ya nani kwanza.

Kituo cha Juu kilikuwa mbele yake, chote, safi. Tangi lilionekana, mrija ulionekana, onyo lilionekana likiwaka na kuzimika. Mtu aliyekaa kando ya kabati la chuma hakuonekana, maana uangalizi ule haukuwekewa hilo. Muunganisho ulikuwa imara. Haukukatika hata mara moja mpaka jioni.